Mateka Hachezwi na Mtu

Nilimuua mwenzangu saa tano usiku, tukiwa tumebaki wawili tu. Nilisikia vishindo kwenye ngazi, nikageuka, nikafyatua. Jina lake likatokea kwenye skrini kando ya langu, na sauti yake ikaingia kwenye hedifoni. Ni kijana wa Mombasa ambaye sijawahi kumwona uso. "Mwanangu, wanipiga mimi?" Tulicheka mpaka raundi ikaisha. Tukashindwa, tukaanza nyingine.

Nyuma yangu, kitandani, alikuwa kaka yangu. Ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu Mnarani huyo ni kaka, hakuna mjadala. Alikuja nyumbani kwa wiki moja nami nikadhani ashalala. Akasema, taratibu tu, "Hukuangalia."

Gemu yenyewe ni Rainbow Six Siege ya Ubisoft. Nimeicheza miaka kadhaa kwenye kompyuta ya kununuliwa mkononi, feni yake ikilia kama posho mill. Kabla sijafika kwa kaka, wacha nikwambie kwa nini naipenda, maana ukidhani ni gemu ya kupiga risasi ovyo hutanielewa.

Ni watano kwa watano. Walinzi wanapewa sekunde 45 kulijenga jengo lao: kuimarisha kuta, kuziba milango kwa mbao, kutega waya. Sekunde hizo hizo wavamizi wanapitisha vidroni vya magurudumu chini ya viti kutafuta watu wamejificha wapi. Halafu zinaanza dakika tatu. Ukifa umekufa mpaka raundi iishe. Kuta nyingi zinatoboka na sakafu pia, kwa hiyo kujificha nyuma ya kitu si kujificha. Kinachokuokoa ni masikio. Mchezaji mzuri anaweza kukaa dakika nzima hajafyatua hata mara moja, anasikiliza kama ule mguu uko juu ya mbao au juu ya vigae. Mimi ni mtu wa haraka haraka, muulize mamangu. Nikikwambia kitu pekee kilichowahi kunifundisha kunyamaza ni hii gemu, sikudanganyi.

Na wafu wanaongea. Ukishauawa unatazama kamera na kuwaambia wenzako adui yuko chooni, dirisha la kushoto. Naona hapo waliotengeneza gemu wamegusa ukweli kwa mlango wa nyuma: timu inayopashana habari inashinda timu yenye shabaha. Sisi Wakenya tuliliona hilo kwa gharama. Septemba 2013 pale Westgate, ambapo watu 67 waliuawa, iliripotiwa sana kwamba jeshi lilipoingia polisi wa kikosi cha Recce tayari walikuwa ndani, na afisa mmoja wao akauawa kwa risasi za askari wa upande wake mwenyewe. Naye hakuwa na hedifoni ya kuuliza, wanipiga mimi?

Kero zipo tele. Ukiwa Kilifi, seva iko mbali, siku nyingine Dubai, siku nyingine Afrika Kusini. Unamwona adui mlangoni kumbe yeye ashakuona kitambo na wewe ni maiti inayosubiri taarifa. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ikawa ya kubembelezwa karibu Afrika Mashariki yote, nasi tukarudi kucheza drafti. Wadanganyifu wanaoona watu kupitia kuta wapo. Matusi ndiyo usiseme. Stima ikipotea katikati ya mechi, gemu inakuhesabu mtoro.

Lakini kuna kitu kidogo cha kutufurahisha watu wa pwani. Desemba 2019 iliingizwa opereta mpya, Wamai, Mkenya, na kwenye wasifu wake imeandikwa amezaliwa Lamu. Kazi yake ni kurusha kidude kinachonasa guruneti hewani na kulilipua mbali na lilipotupwa. Jina lake kamili ni Ngũgĩ Muchoki Furaha. Siku tuliyolisoma, mimi na jamaa zangu tulicheka hadi machozi. Mwamu gani huyu anaitwa Ngũgĩ? Nikamsimulia kaka jioni ya pili, nikitarajia naye acheke.

"Mpeketoni akina Ngũgĩ ni wengi," akasema.

Ni kweli, na nilijua. Mpeketoni iko Lamu. Wakikuyu walipewa makazi pale tangu miaka ya sabini. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, wengi wao wanaume waliotolewa nje na kuulizwa wao ni nani. Kicheko kilinikauka mdomoni.

Kaka alikuwa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu, maana yeye mwenyewe haisemi. Uvamizi ulianza alfajiri. Kikosi cha Recce kilifika alasiri. Giza lilipoingia, watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Yeye alitoka, akahamishiwa Eldoret kama wenzake wengi, akamaliza digrii, akapata kazi. Miezi minane baada ya siku ile, Desemba mwaka huo huo, gemu yangu ikatoka madukani.

Kesho yake tulitembea hadi kwenye magofu, msikiti wa kale na makaburi juu ya mwamba, tukakaa chini ya mbuyu tukitazama magari yakipita darajani kuingia Kilifi. Nilianza kujitetea kabla hajanishtaki. Nikamwambia si damu ninayoifuata, ni mbinu. Nikamwambia kuna hata namna ya kucheza ambapo kazi ni kumwokoa mateka, na upande utakaomuua mateka unapoteza raundi papo hapo. Sheria nzuri, sivyo?

Akafikiri. "Na huyo mateka, nani anamcheza?"

"Hachezwi na mtu. Ni kompyuta."

"Sawa," akasema. Tukaongea mambo ya mpira.

Swali hilo limekaa nami kuliko mahubiri yoyote. Watu wazima wanapotuuliza kuhusu gemu hizi, wanauliza lile la kila siku: je, zitawafanya vijana wauaji? Nalichukulia kuwa swali la kivivu. Sijawahi kumpiga mtu kofi. Swali la kaka ni gumu zaidi kwa sababu halinituhumu, linahesabu. Kwenye jengo lililozingirwa la gemu kuna watu kumi, na wote kumi wana bunduki, wana mpango, wana sauti. Wa kumi na moja anaguna, anachukuliwa kama gunia, anawekwa chini. Kwenye jengo lililozingirwa la kweli hesabu imepinduka. Wenye bunduki ni wachache, na mamia ni yule wa kumi na moja.

Unaweza kunijibu kwamba ni mchezo tu, hakuna anayelilia kete ya drafti ikiliwa. Nimejaribu kujituliza kwa jibu hilo. Shida ni kwamba kete haihemi. Hii gemu inajisifu kwa uhalisia, unasikia pumzi nyuma ya ukuta, unajua zulia au vigae, kisha inachagua ni nani apewe uhalisia huo. Nami ninayecheza najiona nimeelewa kuzingirwa ni nini. Naielewa kazi ya komando. Ya mwanafunzi aliye chini ya kitanda na simu aliyoizima ili isitetemeke, sijui lolote, na saa zangu zote kwenye gemu hazijanisogeza hata hatua moja.

Je, ingewezekana kumpa mtu nafasi ile? Nani angelipa alale sakafuni tangu alfajiri hadi usiku, bila kitufe cha kubonyeza? Hakuna, nami simo. Kwa hiyo silaumu sana waliotengeneza. Kila mchezo unaacha kitu nje ili uchezeke. Ninachokataa ni ile raha yangu ya zamani ya kusema kwamba gemu hii "ni kama kweli kabisa." Nilikuwa nalisema kama sifa. Nikilisema mbele ya kaka linakuwa uongo, na uongo hauhitaji mtu awepo chumbani ndipo uwe uongo.

Sijaacha kucheza. Naandika hivyo waziwazi maana najua utauliza.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi kazini, aliomba hedifoni. Nilimwekea upande wa walinzi, nikamchagulia Wamai, nikamwonyesha vitufe. Hakusikiliza maelezo. Sekunde 45 zilipokwisha alikuwa ameingia bafuni, pembeni, nyuma ya ukuta ulioimarishwa, akachuchumaa. Hakurusha hata kidude kimoja. Wenzake walikufa mmoja mmoja, kisha wakaanza kumtukana kwa Kiingereza na Kiarabu, wakimwambia atoke, apigane, afanye kitu. Niliona kidole chake kimekaa juu ya kipanya bila kubonyeza. Mguu ukapita juu ya vigae, ukasimama, ukaenda. Muda ukaisha. Kwa sheria za gemu, muda ukiisha na bomu halijaguswa, walinzi wameshinda.

Akavua hedifoni, akanirudishia. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu.

"Dakika tatu tu?" akauliza.