Baba, Keti na Mwanao



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu waumini, nawausia nyinyi na nafsi yangu tumche Allah, hasa katika amana ya watoto.

Mnakumbuka Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Hapa Iguhu, kama kwingine nchini Kenya, watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mwalimu akawa mama. Ugali uko motoni, mdogo analia mgongoni, mkubwa anauliza hesabu, na juzuu ya Amma inangoja. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 inatutaka tuwapeleke watoto shule, nasi tumewarudisha. Lakini shule haikutupokonya ualimu wa nyumbani, na mzigo huo hakuandikiwa mama peke yake.

Tazameni Sura ya Luqman. Aliyeketi na mtoto pale ni baba. Anaanza na tauhidi, anaingia katika sala na subira, kisha anashuka hadi kwenye mwendo wa miguu na kiasi cha sauti. Naye anamwita mwanawe kwa upole.

Tazameni pia mafundisho ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani mwake. Mkono wake ulipozunguka sahani nzima, Mtume alimfundisha palepale: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Maneno machache, bila kiboko wala kelele. Umar aliendelea kula hivyo maisha yake yote.

Sahani hiyo tunayo sisi pia. Ugali na mrenda vikitengwa, wafundishe watoto bismillahi na kumwachia mwenzao. Msimu wa kupanda, mwachie mdogo ahesabu mbegu za mahindi, umwambie ni nani anayeziotesha. Mwite kijana wa miaka saba mtawadhe pamoja, akuone unavyoosha mikono hadi viwikoni.

Najua wako kati yetu wanaoshinda machimboni wakitafuta dhahabu, na wako wa bodaboda wanaorudi wamechoka. Riziki ya halali ni ibada. Ila kati ya Magharibi na Isha weka simu kando, msikilize mtoto sura moja, umuulize amejifunza nini leo. Ukiwa hujui kusoma, muombe yeye akusomee. Naye mkeo apate kupumzika, kwani kumsaidia ni sunna: Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake.

Kumbukeni, mtoto husikia tunayosema, lakini hushika tunayotenda. Ukimwamrisha sala nawe umelala, umemfundisha kulala.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake na watoto watakaokuwa kiburudisho cha macho yetu. Wape subira kina mama, waamshe kina baba, na ubariki kila nyumba inayofundisha. Aamin.