Mume Amsifu Mke Mbele za Mungu



Wengi wetu tunasali, lakini kila mmoja kivyake. Mama ana rozari yake na Jumuiya yake. Baba huonekana kwenye Misa ya Jumapili. Mezani nyumbani hakuna neno kwa Mungu ila baraka ya haraka juu ya chakula, nayo huachiwa mtoto mdogo. Hebu leo tuwatazame Wayahudi, ambao Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaita ndugu zetu wakubwa alipotembelea sinagogi la Roma mwaka 1986.

Kwa familia ya Kiyahudi inayoshika Sabato, sala kubwa ya juma iko mezani, Ijumaa jioni. Chakula kimekwisha pikwa, maana siku hiyo moto hauwashwi (Kutoka 35:3). Kama dakika 18 kabla ya jua kutua, mama wa nyumba huwasha mishumaa, kwa kawaida miwili au zaidi, hufunika macho kwa mikono yake na kumhimidi Mungu. Angalieni vizuri: anayeifungua Sabato nyumbani ni mama.

Wakishakusanyika, katika nyumba nyingi baba huimba au husoma Methali sura ya 31, kuanzia aya ya 10 hadi ya 31. Aya hizo ni 22, na kwa Kiebrania kila moja huanza na herufi yake, kwa mpangilio wa alfabeti, kana kwamba herufi zote zinahitajika ili kumsifu mke mwema. Anamwimbia mkewe, watoto wakisikia, kila Ijumaa. Hata Ijumaa ile ambayo tangu asubuhi hawajasemezana vizuri. Maneno hayangoji moyo ulainike; yanatangulia, moyo unafuata polepole. Sisi husema tutasali tukijisikia kusali, na miezi inapita.

Kisha watoto huwekewa mikono kichwani. Wavulana huombewa wawe kama Efraimu na Manase (Mwanzo 48:20), wasichana kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Hufuata baraka ya Haruni katika Hesabu 6:24-26, halafu kikombe cha divai na mikate miwili, ukumbusho wa mana iliyookotwa maradufu jangwani. (Wanaume wenzangu, kikombe hicho ni cha kubariki, kisiwe kisingizio.)

Sisemi tuige Sabato yao. Hiyo ni yao, na sisi tunayo Jumapili, siku ya Ufufuko. Lakini Mtume Petro, Myahudi, anawaonya waume wawape wake zao heshima, sala zao zisije zikazuiliwa (1 Petro 3:7). Kumbe sala inaweza kukwama jikoni kabla haijafika kanisani! Bwana ambaye mkewe hajasikia shukrani yake kwa miaka kumi, naye kila mara husoma masomo ya Misa kwa sauti nzuri, aitafakari aya hiyo.

Wengine watasema kumsifu mke mbele ya watoto si desturi yetu, atapanda kichwa. Lakini bwana huyo huyo, siku ya mazishi, atashika kipaza sauti na kumsifu marehemu nusu saa nzima. Atakuwa anamwambia nani?

Kumbukeni pia Tobia na Sara, Wayahudi waliokuwa uhamishoni: usiku wa arusi waliamka wakasali, mume akiongoza, na wote wawili wakaitikia Amina (Tobiti 8:4-8).

Basi Jumamosi hii jioni, mama awashe mshumaa. Baba aseme mbele za Mungu jambo moja la kweli aliloliona kwa mkewe juma hili: alivyomkesha mgonjwa, alivyoipata karo. Mama naye aseme lake juu ya mumewe. Kisha watoto watiwe ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Baba akiwa kazini mbali, apige simu, na mama aongeze sauti ili watoto wasikie.