Pigo Katika Nyumba

Walawi 14 hutufundisha kwamba nyumba nayo yaweza kuugua: kuhani aliikagua, kuta zikakwanguliwa, mawe yenye pigo yakatupwa nje ya mji. Leo nyumba iliyopikiwa methamfetamini hubaki na sumu katika lipu, dari na mapazia, hata mpangaji akiisha kuhama. Mtoto atambaaye huigusa, kisha hutia vidole kinywani. Kupaka chokaa juu yake ni kuficha tu.

Sisi tupangishao vyumba Ngara na Biharamulo, tusitazame kodi peke yake. Sheria ya mwaka 2015 humtia hatiani mwenye nyumba aruhusuye dawa hizo kwa kujua. Lakini sura hiyohiyo huanza na mwenye ukoma aliyetakaswa akarudishwa kambini. Aliyenaswa naye tumtafute, tumrudishe. Amina.