Mwanangu, Tazama Nyama Kabla Hujatafuna

Mwanangu, sogea karibu. Najua una njaa, na najua nyama ya nguruwe inayochomwa jioni pale mtaani Birere, hapa Goma, hunukia hata mtu akasahau alikokuwa anaenda. Lakini nakuomba, kabla hujatia kinywani, ipasue uitazame ndani.

Ukiona punje nyeupe zenye maji, ndogo, hazifiki upana wa ukucha wako, iache. Hayo si mafuta. Ni vifuko, na ndani ya kila kifuko amejikunja mtoto wa tegu anayengoja tumbo la mtu. Wanunuzi wa nguruwe wenye uzoefu humfungua mnyama kinywa, wakapapasa chini ya ulimi kutafuta vinundu. Hata hivyo ulimi safi hauliapii paja. Nyama yote ipikwe hadi iive katikati. Moshi na moto wa haraka huivisha nje tu.

Ukiila nusu mbichi, tegu hukua utumboni mwako hadi mita mbili, tatu, na zaidi. Huenda usihisi lolote. Mayai yake hutoka na kinyesi chako, na hapo, mwanangu, ndipo hofu yangu ilipo.

Mayai hayo yakimezwa na mtu, kwa maji, kwa mboga za lengalenga zisizooshwa vizuri, kwa mkono wa mama anayelisha mtoto, hayabaki tumboni. Vitoto vyake hutoboa utumbo, hufuata damu, hujijengea vifuko katika misuli, jichoni, hata ubongoni. Aliyebeba tegu anaweza kujiambukiza mwenyewe. Na jirani ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuanguka kifafa kwa sababu ya choo chako. Kinachoingia kwa mkono hulipiwa na kichwa.

Usidhani nakutisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ugonjwa huu ulipozoeleka, takriban asilimia 30 ya wenye kifafa wameupata kwa vifuko hivi. Kifafa ambacho sabuni na choo vingekizuia!

Najua mji wetu. Tumejenga juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma, na tukajenga tena juu yake. Kuchimba choo kirefu hapa ni kupigana na jiwe. Mashimo ni mafupi, hujaa upesi, mvua ikija yanafurika. Kwa hiyo nakuomba mara mbili: jengeni choo hata kama ni cha kuchangia nyumba kadhaa, kifunikwe, na nguruwe afungiwe bandani. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu, nasi tunamla yeye.

Wewe unayechinja mbuzi, kondoo au ng'ombe, nisikilize pia. Ukikuta ini au pafu lina vifuko vya maji, usimtupie mbwa. Mbwa hukuza tegu mwingine, mdogo sana, na mayai yake hutua kwenye manyoya na udongo ambako watoto hucheza. Mtu akiyameza, kifuko hukua ndani yake polepole kwa miaka, mara nyingi kwenye ini au mapafu, hadi tumbo livimbe. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, watu waliishi na mbwa wao karibu sana, wakaumia vibaya kuliko karibu wote duniani, mpaka shirika la afya la AMREF lilipoanza kazi ya kuuzuia ugonjwa huo mwaka 1983. Ini bovu lichomeni, au lizikeni mbwa asikoweza kufukua.

Na tafadhali, binti yangu, ukihisi uvimbe tumboni usikubali mtu akukande au akuchome sindano nyumbani. Upo uvimbe wa maji wa kwenye mfuko wa mayai ya mwanamke, ambao mara nyingi huisha wenyewe. Upo wa chini ya ngozi usio na hatari. Lakini kifuko cha tegu wa mbwa kikipasuka ndani, maji yake yanaweza kumwua mtu pale pale, au kupanda vifuko vipya tumbo zima. Mkono haujui tofauti. Hospitali ina mashine ya kutazama ndani.

Dawa ya tegu nayo usiinunue kiholela ikiwa umewahi kuanguka kifafa, au kichwa kinakuuma bila kukoma. Vifuko vya ubongoni vikifa ghafla, ubongo huvimba na kifafa huzidi. Mwache daktari aamue.

Akianguka mtu kifafa nyumbani kwenu, msiseme amerogwa, wala msimfiche chumbani. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kitu kinywani. Akizinduka mpelekeni kituo cha afya, na mumwambie muuguzi kama mnafuga nguruwe.

Nakuomba, mwanangu, anza leo. Sabuni iwe mlangoni mwa choo kabla jua halijazama.