Basi la El Wak

Juzi mimi na mama watoto tuliwapeleka watoto Garissa, siku tatu tu. Mto Tana uliwashangaza, maana wamezoea Daua yetu inayobaki mchanga wakati wa kiangazi.

Lakini ujumbe niliupata njiani. Tulipopita El Wak, binti yangu akauliza, "Baba, mbona umenyamaza?" Nikamweleza. Tarehe 21 Desemba 2015 basi la kuja Mandera lilivamiwa upande huo. Wauaji walitaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa kata kata, na akina mama wakawapa dada zetu hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Aliacha watoto.

Sasa jamani, tukisoma Luka 10, kila mtu hapa anajiona ndiye Msamaria. Kwa barabara ile, sisi ndio tuliokuwa tumelala chini! Aliyesimama nasi si wa kanisa letu, na bado tukiomba tunawataja jirani zetu kama adui tu.

Ijumaa kwenye mkesha tutaanza na watoto wa mwalimu.