Ujuzi wa Fundi: Milki au Amana?

Fundi anapobana chuma kwenye jiriwa na kukipiga tupa mpaka kilale juu ya kingine pasipo mwanga kupenya katikati, ana kitu ambacho tajiri mwenye kiwanda hana. Jengo ni la tajiri, makaa na mashine ni vya tajiri, lakini mkono unaojua pa kukomea ni wa fundi. Je, ni wake kweli, kwa maana ya kuweza kumnyima mwingine? Mafundi mitambo wa Uingereza walilijibu swali hili mwaka 1851, walipounda chama cha Amalgamated Society of Engineers wakiongozwa na William Newton na William Allan. Hoja waliyoiweka katika utangulizi wa kanuni zao ni kwamba daktari analindwa na cheti na mwandishi analindwa na hakimiliki, hivyo fundi aliyetumikia uanagenzi miaka mingi naye anastahili kuulinda ufundi wake usiingiliwe. Naiona hoja hiyo kuwa kweli nusu, na nusu iliyokosekana iliwaumiza watu wengi.

Tuwape kwanza haki yao. Januari 1852, mwaka mmoja tu tangu chama kizaliwe, wenye viwanda wa London na Lancashire walifunga malango kwa sababu mafundi walikataa ovataimu ya kila siku na kazi ya kipande. Njaa ilipowazidi, sharti la kurudi kazini likawa kutia sahihi hati ya kukikana chama. Wengi walitia sahihi kisha wakabaki wanachama, wakisema ahadi iliyokamuliwa kwa njaa haimfungi mtu. Wakristo wajamaa wa kundi la mwanateolojia F. D. Maurice, hasa J. M. Ludlow, waliwatetea mafundi hadharani katika mgogoro huo. Nami nasimama upande wa mafundi: mwenye kumshika mwenzake koo hana haki ya kudai uaminifu wa neno alilolitoa akiwa ameshikwa. Tena chama hiki hakikuwa genge la wachoyo. Kila mwanachama alitoa shilingi moja kwa wiki, mchango mzito kwa mfanyakazi wa wakati ule, na mfuko huo ndio uliowalisha wagonjwa, wasio na kazi na wazee, na kuwazika wafu.

Hata hivyo, ujuzi wenyewe ulitoka wapi? Hakuna fundi aliyezaliwa anajua kukereza. Alisimama kando ya mtu mzima, akatazama, akakosea, akasahihishwa, na huyo mzee naye alikuwa amesimama kando ya mwingine. Kitu kinachopokewa namna hiyo kina sura ya amana: unakitumia, unakula jasho lake, ila hukukabidhiwa ukifungie. Mfano wa hakimiliki hautoshi, maana hakimiliki ina muda wake na huisha. Mfano wa cheti nao unawageukia wenyewe, kwa kuwa maana ya cheti ni kupima kazi. Lakini masharti ya uanagenzi, yaani mlango wa kuingilia ufundi, yalipima pia mtu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya vyama kukubaliana na serikali Machi 1915 kulegeza taratibu zao wakati wa vita, wanawake waliingia viwandani wakaendesha mashine za kukereza, lakini chama hakikuwapokea. Mwaka 1919 ikatungwa sheria ya kurudisha taratibu za kabla ya vita, nao wakaondolewa kwenye mashine walizokwisha kuzimudu. Kule Afrika Kusini, ambako chama kilikuwa na matawi, mlango ulipakwa rangi kabisa: fundi maana yake mzungu.

Atasema mtu kwamba bila mlango huo mishahara ingeporomoka, kwa kuwa wenye viwanda waliwaleta wasio na uanagenzi ili wawalipe kidogo. Ndivyo walivyofanya, na hofu ya mafundi haikuwa ndoto. Ila dawa yake ni ujira sawa kwa kazi sawa, ndani ya chama kimoja. Kufunga mlango kulimwachia tajiri jeshi lote lililoko nje. Mafundi walipofungiwa viwanda tena, kuanzia Julai 1897 hadi Januari 1898, kwa kudai siku ya kazi ya saa 8, walishindwa, na wenye viwanda wakatoka na uhuru wa kumweka wamtakaye kwenye mashine. Uthibitisho kwamba njia nyingine ilikuwepo uko ndani ya historia ya chama hichohicho. Waashi na maseremala wa London walipofungiwa kazi mwaka 1859, kiliwapa pauni 1,000 mara tatu. Mwaka 1889 wanachama wake wawili, Tom Mann na John Burns, waliwaongoza makuli wa bandari ya London, watu wasio na uanagenzi wowote, mpaka wakapata peni 6 kwa saa. Makuli hao hawakumpunguzia fundi yeyote mshahara.

Mwaka 1920 chama kiliungana na vingine kikawa Amalgamated Engineering Union. Wanawake walikubaliwa kuwa wanachama Januari 1943, wakati wa vita vingine, miaka 92 tangu mlango ule uwekwe.