Uthabiti wa Akili

Watu wengi husifu msimamo usiobadilika, na humwita kigeugeu mtu aiachaye rai yake ya jana. Milima ya Uluguru, ambayo mkazi wa Mzinga huiona kila kukicha, yafundisha vingine.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima hiyo, ikaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lakini penye udongo mwembamba jembe lilifukia rutuba na kufukua udongo mfu, na mavuno yakapungua. Wakulima walilalamika, amri ikabaki ile ile. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na matuta ya lazima yakaachwa.

Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalihimiza matuta huko Kibungo Juu, safari hii kwa hiari, pamoja na samadi na malipo ya kuhifadhi maji ya mto Ruvu. Wakulima wengi walikubali.

Je, Waluguru walikuwa vigeugeu? Hasha. Swali lao lilikuwa moja nyakati zote mbili: shamba litailisha nyumba? Hali ilipobadilika, jibu lilibadilika. Serikali ile haikubadili neno, lakini iliiacha akili: ilitaka kuliokoa shamba, ikashikilia matuta hata yalipoliharibu.

Basi uthabiti wa mwenye akili hauko katika jibu, bali katika kuliuliza swali lile lile kwa haki, na kulipokea jibu hata likimwaibisha.